Oili ipi kwa Porsche 911 ya zamani: 20W-50, 15W-50 ya sintetiki, 15W-40 ya dizeli au 0W-40?

Waulize wenye 911 watatu wanatia oili gani, utapata majibu manne. Mmoja anaapa kwa 20W-50 ile nzito ya tangu enzi. Mwingine anasema sintetiki au gari libaki gereji. Wa tatu anatia 15W-40 ya malori na hana habari, gari linaenda. Kinachochanganya ni kwamba wote watatu huenda wako sawa, kila mmoja kwa injini yake na kwa hali ya hewa ya kwake.

Hapa nazungumzia 911 zinazopozwa kwa hewa, zile zilizotoka kuanzia 1964 hadi modeli ya 993 ilipofikia mwisho 1998. Hazina rejeta ya maji. Feni inapuliza hewa kwenye mapezi ya silinda, na joto linalobaki ni kazi ya oili kulibeba. Ndiyo maana inameza oili nyingi hivyo: Carrera 3.2 ya miaka ya 1980 inachukua takriban lita 13 kwa jumla, ingawa ukimwaga unapata kama 10 tu, kwa sababu nyingine inabaki kwenye mabomba na kwenye kipoza oili kilichoko mbele. Volkswagen Beetle, ndugu yake mdogo, inatosheka na lita mbili na nusu. Kwa hiyo kabla hujaipenda chapa fulani, zidisha bei ya lita moja mara kumi uone kama bado unaipenda.

Na kwa wanaojiuliza kama gari hili la Stuttgart linastahimili joto na vumbi la kwetu, jibu lipo kwenye rekodi za Safari Rally: 911 ilimaliza ya pili 1972 ikiendeshwa na Sobiesław Zasada, ya pili tena 1974 na Björn Waldegård, na ya pili mara ya tatu 1978 na Vic Preston Jr. Haikuwahi kuichukua. Waldegård alikuja kupata ushindi na 911 mwaka 2011, safari hiyo kwenye East African Safari Classic, mbio za magari ya kale. Injini inaweza. Swali ni uilishe nini.

## Vigezo kabla ya chapa

Unene oili ikiwa ya moto. Namba ya pili kwenye dumu, ile 40, 50 au 60, hupimwa kwa nyuzi 100. Oili ya 40 ina mnato wa kati ya sentistoksi 12.5 na 16.3, ya 50 inaanzia 16.3 hadi 21.9, na ya 60 inapanda juu ya hapo. Kwenye gari la maji oili mara nyingi hukaa karibu na nyuzi 100. Kwenye 911 iliyokwama kwenye foleni mchana wa Mombasa, geji ya joto inaweza kufika 110 au 120, na hapo oili ni nyembamba kuliko namba inavyokuahidi. Hiki ndicho kigezo kinachobeba uzito mkubwa kwa anayeishi sehemu za joto.

Kuwasha ikiwa baridi. Namba yenye W. Kipimo cha 20W hufanywa kwa nyuzi 15 chini ya sifuri, 15W kwa 20 chini, 10W kwa 25 chini, 5W kwa 30 chini, 0W kwa 35 chini. Kwa mkazi wa Pwani kigezo hiki karibu hakina maana. Kwa Mswahili anayeishi Minnesota au Bavaria kina maana sana, isipokuwa kama gari linalala tangu Novemba hadi Aprili.

Zinki. Hapa pana maneno mengi na mengi yamepinda. Kwenye 911 roka inasugua kamshafti moja kwa moja, chuma kwa chuma, bila kigurudumu katikati. Kinachozuia visilane ni utando mwembamba unaoachwa na kiungo cha zinki na fosforasi kiitwacho ZDDP. Fosforasi hiyo huharibu kataliti za magari ya kisasa, kwa hiyo API, taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, tangu daraja la SM la mwaka 2004, iliweka kikomo cha sehemu 800 za fosforasi kwa milioni. Hapo ndipo uvumi ulipoanza kwamba kila oili ya baada ya SL, daraja lililotangulia SM, ni sumu kwa gari la zamani. Si hivyo. Kikomo kile kinabana oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30. 20W-50 na 15W-50 hazimo. Kwa hiyo usiikimbie oili kwa kuona SN au SP tu, madaraja yaliyofuata, kwenye dumu. Tafuta karatasi ya maelezo ya kiufundi ya mtengenezaji. Mafundi wengi wa injini hizi hupenda kuona kuanzia sehemu 1,000 hadi 1,400 hivi kwa milioni. Na ukikuta maandishi «Resource Conserving» nyuma ya dumu, yaani oili iliyo chini ya kikomo kile, lirudishe rafuni.

Sili na uvujaji. Injini hii imelala ubavu, ina maungio mengi, na chini yake kuna mabomba ya kurudishia oili yenye raba za duara ambazo hukakamaa kwa miaka. 911 isiyotoa hata tone ni ya kutiliwa shaka, pengine haina oili.

Upatikanaji na bei. Oili nzuri kuliko zote haina faida kama lita moja ya kuongezea haipatikani ukiwa Voi au Mbeya.

## 20W-50 ya kawaida

Hii ndiyo oili ambayo wenye 911 wengi wamekua nayo. Porsche wenyewe, kupitia kitengo chao cha magari ya kale, wanauza 20W-50 kwa ajili ya injini za hewa hadi lita 2.7. Nje ya hiyo kuna Valvoline VR1 na PennGrade 1, zote za 20W-50, zilizotengenezwa kwa zinki ya kutosha. Usizichanganye na 20W-50 ya bei ya chini ya kituo cha mafuta, ambayo unene ni uleule ila kilichomo ni jambo jingine.

*Ikiwa ya moto:* nzuri. Kwa kuwa kutoka 20 hadi 50 si mruko mkubwa, haihitaji polima nyingi za kuinenepesha, na polima ndizo zinazokatika kadiri kilomita zinavyoongezeka. Udhaifu wake ni kwamba oili isiyo ya sintetiki inaungua na kuwa nyeusi upesi zaidi ikikaa juu ya nyuzi 120.

*Ikiwa baridi:* asubuhi ya Julai Nairobi haina shida yoyote. Kwenye theluji haifai, usijaribu.

*Zinki:* inategemea ipi umechukua. VR1 na PennGrade zinafika na kupita kidogo kiwango ambacho mafundi hupenda.

*Sili:* ndiyo inayoelewana na sili za zamani kuliko wenzake. Injini inayotoa jasho hapa na pale huwa inatulia nayo.

*Upatikanaji:* 20W-50 kwa jumla iko kila duka la spea kutoka Lamu hadi Bukavu, kwa sababu pikapu za zamani na matatu zinaitumia. Aina zenye zinki nyingi ni za kuagiza. Na kwa kuwa ndiyo inayouzwa sana, ndiyo inayofanyiwa feki sana: nunua kwa wakala, angalia lakiri ya kifuniko, na usikubali kumiminiwa kutoka kwenye pipa lililofunguliwa.

*Inamfaa:* mwenye injini ya hadi 2.7, hasa yenye bloku ya magnesi, na mwenye gari lenye kilomita nyingi linaloendeshwa Jumapili.

## 15W-50 ya sintetiki, pamoja na 10W-60

Mobil 1 15W-50 ndiyo inayotajwa sana hapa. Kwa injini za hewa za lita 3.0 na kuendelea, yaani SC, Carrera 3.2, 964 na 993, Porsche Classic wanatoa 10W-60. Nimeziweka kikapu kimoja kwa sababu anayechagua mojawapo huwa anatafuta kitu kilekile: oili isiyovunjika moyo kwenye joto.

*Ikiwa ya moto:* hapa ndipo pesa yako inapoonekana. Sintetiki huvumilia joto kali kwa muda mrefu bila kuungua na kugeuka tope. Ukipanda Taita kwa gia ya pili, au ukizungusha gari kwenye uwanja wa mbio, tofauti utaiona kwenye geji ya presha zaidi ya kwenye geji ya joto: sindano hairudi chini sana ukiachia mafuta.

*Ikiwa baridi:* afadhali kuliko 20W, na inatosha kwa msimu wa masika na vuli wa Ulaya.

*Zinki:* Mobil 1 15W-50 iko ndani ya kiwango tulichotaja, jambo lililoipa jina kwa wenye magari ya zamani.

*Sili:* Sintetiki za mwanzo, miaka ya 1970, zilikuwa na sifa mbaya ya kufanya sili zisinyae. Za leo zimerekebishwa. Ila sintetiki ina tabia ya kusafisha, na ule uchafu uliokuwa umeziba ufa wa sili iliyochoka ukishaondoka, tone linaanza. Oili haikuitoboa sili, imefichua tu. Kwa mwenye gari, hata hivyo, doa sakafuni ni doa.

*Upatikanaji:* Nairobi, Dar na Kampala unaipata kwa kutafuta. Nje ya miji mikubwa beba akiba kwenye buti la mbele. Mara kumi ya bei yake inauma.

*Inamfaa:* SC, 3.2 na 964 zenye injini nzima na sili zilizobadilishwa, na yeyote anayeikimbiza.

## 15W-40 ya dizeli

Watu wa 911 wa Marekani walianza na Shell Rotella miaka mingi iliyopita, na sababu haikuwa ubahili peke yake. Oili za malori zilibaki na zinki wakati za petroli zinapunguzwa.

*Ikiwa ya moto:* ni 40, si 50. Kwa Limuru, Arusha au Kigali inatosha vizuri. Kwa foleni ya Dar mwezi Februari, ningeangalia geji ya presha kwa jicho la pili: injini ikiwa moto kabisa na inaunguruma bila mzigo, sindano ikianza kuzama chini kuliko ulivyozoea, hiyo ni ishara ya kupanda kwenda 50.

*Ikiwa baridi:* sawa na 15W yoyote.

*Zinki:* soma herufi za daraja la API kwa oili za dizeli. CI-4 ya mwaka 2002 haikuwekewa kikomo cha fosforasi. CJ-4 ya 2006 na CK-4 iliyofuata zina kikomo cha sehemu 1,200 kwa milioni, ambacho bado si kibaya. Afrika Mashariki CI-4 bado zimejaa madukani. Lalamiko la mafundi wa injini hizi ni jingine: oili ya dizeli ina sabuni nyingi za kuosha masizi, na sabuni hizo hugombania chuma na zinki. Kwa hiyo namba kubwa ya zinki kwenye oili ya lori haina nguvu sawa na namba hiyohiyo kwenye VR1.

*Sili:* haina tatizo, ila kwenye injini ambayo haijaguswa miaka mingi itaamsha uchafu. Badilisha filta mapema mara ya kwanza.

*Upatikanaji:* hakuna ya kuishinda. Popote lori linapolala, ipo, tena kwa dumu la lita tano.

*Inamfaa:* anayeendesha gari kila siku nyanda za juu, anabadilisha oili mara kwa mara, na hataki bili ya sintetiki kwa lita kumi.

## 0W-40 na 5W-40 za sintetiki

Wapenzi wa magari ya kale huzidharau, na dharau hiyo haina haki yote. Mobil 1 ndiyo inayojazwa kiwandani Porsche tangu miaka ya 1990, na 993, iliyo ya mwisho kupozwa kwa hewa, ina roka zenye vikombe vya haidroliki vinavyojirekebisha kwa presha ya oili. Vikombe hivyo vinataka oili ifike haraka, na oili nyepesi inafika. Kuna pia Driven DT40, 5W-40 iliyotengenezwa kwa ajili ya injini za Porsche, ambayo inaonyesha kwamba namba ndogo si lazima iwe na zinki ndogo.

*Ikiwa ya moto:* kwenye injini iliyobana vizuri ni sawa. Kwenye iliyolegea, presha inashuka. Na mruko wa kutoka 0 hadi 40 unahitaji vinenepeshi vingi kuliko 20W-50.

*Ikiwa baridi:* haina mpinzani. Aliyeko Oslo anayewasha gari Januari hana haja ya kusoma mengine.

*Zinki:* 0W-40 nyingi zina fosforasi karibu 1,000, kwenye ukingo wa chini wa tamaa ya mafundi lakini si jangwa. Angalizo ni 5W-40 zenye alama ya ACEA C3, daraja la watengenezaji magari wa Ulaya: hizo fosforasi yake imewekewa mipaka ya 700 hadi 900. Zinafanana kabisa rafuni, dumu kwa dumu.

*Sili:* ndiyo itakayoonyesha kila mlango uliolegea.

*Upatikanaji:* rahisi mijini, kwa kuwa magari ya kisasa ya Ujerumani yanaitumia.

*Inamfaa:* 993, injini mpya zilizokwishalainika, na wakazi wa nchi za baridi.

## Kabla ya kulaumu oili

Kosa linaloharibu majaribio mengi ni kupima vibaya. Oili ya 911 haikai chini ya injini kama ya gari la kawaida. Inakaa kwenye tanki lake, na injini ikilala baridi sehemu yake inateremka na kijiti kinaonyesha kama tanki limekauka. Pasha injini mpaka iwe moto, simamisha gari mahali tambarare, iache iungurume, ndipo uchomoe kijiti. Anayepima asubuhi ikiwa baridi ataongeza lita mbili zisizotakiwa, na baada ya hapo oili itapanda kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye filta ya hewa, gari litoe moshi kama jiko la kuni, na mwenye gari aanze kusema oili mpya ni mbovu. Modeli ya 1972 ilikuwa na kisa chake: mdomo wa kujazia oili uliwekwa ubavuni kulia, nyuma ya mlango, chini ya kifuniko chake. Wahudumu wa vituo vya mafuta wakawa wanamimina petroli humo. Mwaka uliofuata Porsche wakauondoa.

Moshi wa sekunde chache unapowasha gari lililokaa juma zima nao si hoja dhidi ya chapa. Silinda zimelala, oili inapenya kidogo kidogo.

Na kama joto linapita 120 kila mara, 10W-60 haitakuokoa. Baadhi ya SC zina bomba tu lililojikunja ndani ya fenda ya kulia ya mbele badala ya kipoza chenye mapezi. Weka kipoza cha kweli kwanza, halafu ndipo tubishane namba.

Chupa za kuongezea zinki mimi sizipendi. Oili huundwa kwa kipimo, na kumimina kemia ya ziada ni kubahatisha kwa gharama.

## Kwa hali yako

Uko Pwani, Zanzibar au Muscat, gari ni SC au 3.2 na injini ni nzima: 15W-50 ya sintetiki, na 10W-60 ukiwa mtu wa kukimbia. Kama tayari linatoa matone na bado huna pesa ya sili, 20W-50 yenye zinki, ubadilishe kila mwaka hata kama hujafikisha kilomita.

Uko Nairobi, Arusha au Kigali na unaliendesha kazini: 15W-40 ya CI-4 haikuaibishi, mradi unaimwaga kila kilomita 5,000. Ukipita barabara za vumbi, fanya mapema zaidi, pamoja na filta ya hewa.

Una 911 ya kwanza kwanza, 2.0 hadi 2.7: kaa kwenye 20W-50. Bloku za magnesi zilizotumika hadi 1977 zina matatizo yake ya kutosha bila kuongeza majaribio.

Una 993: anza na 0W-40 au 5W-40 isiyo ya C3. Ikiwa unaishi penye joto na presha inashuka, panda 15W-50 na usikilize kama roka zinagonga asubuhi.

Uko Ulaya au Amerika Kaskazini na gari linalala majira ya baridi: 15W-50 inatosha, ila mwaga oili kabla ya kulilaza, si baada, maana oili iliyotumika ina asidi na maji. Marekani unaweza pia kutuma sampuli kwenye maabara kama Blackstone ya Indiana wakakwambia kuna chuma kiasi gani ndani yake.

Injini imefunguliwa na kuundwa upya: sintetiki isubiri. Tumia oili maalumu ya kuzoezea injini mpya (break-in) au 20W-50 ya kawaida yenye zinki mpaka ringi zikae, kwa kilomita ambazo fundi aliyeijenga atakutajia, halafu uhame.

Na kama umenunua gari lisilo na historia, jaza 20W-50 ya kawaida yenye zinki, baada ya kuimwaga ya zamani kote kuwili, kwenye tanki na chini ya injini, kwa kuwa kuna nati mbili za kutolea. Andika presha ya baridi na ya moto kwenye daftari. Baada ya kilomita 1,000 mwaga tena, kata filta uikunjue kwenye mwanga, na kama hakuna vipande vinavyong'aa unaweza kuanza kufikiria sintetiki.